Mbufu Moja, Prosesa Mbili

Jumatatu, 3 Juni 2024

Binti aliye mafunzoni kwangu ameniuliza swali ambalo nimetoka nalo ofisini mpaka nyumbani. Tulikuwa kwenye seva ya majaribio yenye FreeBSD, namwonyesha amri ya netstat -m: mbufu ngapi ziko kazini, ngapi zimekaa akiba, maombi mangapi yamekataliwa. Akatazama kwa muda, kisha: "Dada, kwa hiyo prosesa zote nne zinachota mbufu hapo hapo? Zikichota wakati mmoja je?" Nikamjibu kwamba kuna kufuli. "Kwa kila pakiti?"

Swali zuri sana. Jibu la mkato ningeweza kumpa, lakini halitamtosha, na mimi mwenyewe nataka kulipitia upya jambo hili tangu chanzo chake. Nitaandika humu jioni nikipata nafasi, kisha nimweleze.

Mbufu ni kipande kidogo cha kumbukumbu ambacho keneli za ukoo wa BSD hutumia kubebea data za mtandao. Zilikuwapo tayari kwenye 4.2BSD mwaka 1983, pale Berkeley, zikiwa na baiti 128 kila moja. Kwenye FreeBSD tunayoitumia ni baiti 256, na data ikiwa nyingi mbufu haiibebi yenyewe. Huelekeza kwenye klasta ya baiti 2048. Pakiti ya kawaida ya Ethernet, baiti 1500, inaenea ndani ya klasta moja na nafasi inabaki. Hakuna pakiti inayoingia wala inayotoka bila mbufu, kwa hiyo anayegawa mbufu amekaa mlangoni pa kila kitu.

Hesabu ya kumwonyesha: kiungo cha gigabiti 10 kikijaa pakiti ndogo kabisa za Ethernet hupitisha takriban milioni 14.88 kwa sekunde. Hiyo ni nanosekunde 67 kwa kila pakiti. Ndani ya hizo 67 uchukue mbufu, ujaze, uisome, uamue inakwenda wapi, uirudishe. Ndiyo maana "kwa kila pakiti?" si swali la kitoto.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua msimbo wa FreeBSD 4. Sehemu inayotoa mbufu ni fupi mno, inaenea kwenye nusu ya ukurasa. Mbufu zilizo huru zimeunganishwa kwa orodha, na mwanzo wa orodha umeshikwa na kielekezi kimoja, mmbfree. Anayetaka mbufu anaita splimp. Anasoma mmbfree, hiyo ndiyo mbufu yake. Anaandika ndani ya mmbfree anwani ya mbufu inayofuata. Anapunguza hesabu ya zilizo huru. Anaita splx. Basi.

Wengi wakiona splimp hudhani ni kufuli. Siyo. Ni amri kwa prosesa iliyopo: kadi ya mtandao isinikatize mpaka niruhusu. Jambo hili lina asili ya PDP-11, mashine ambayo prosesa yake ilikuwa na ngazi za kipaumbele. Ukipanda ngazi, makatizo ya ngazi za chini husubiri. Kwenye mashine ya prosesa moja ulinzi huo umekamilika. Msimbo wa keneli haukunyang'anywa prosesa na mwenzake katikati ya kazi. Aliyeweza kuuingilia ni katizo tu, na katizo limezuiwa. Sioni kosa lolote katika ubunifu ule. Ulikuwa sahihi kwa dunia yake, na uliwatosha watu miaka mingi.

Sasa weka prosesa ya pili. A inasoma mmbfree na kupata mbufu X. Kabla haijaandika chochote, B nayo inasoma mmbfree na kupata X. A inaandika kwamba orodha sasa inaanzia Y. B inaandika vilevile, Y. Zote mbili zinaondoka na X. A imezuia makatizo yake, B imezuia ya kwake, na hakuna hata moja iliyomzuia mwenzake.

Kinachoniogopesha ni kwamba hakuna kengele inayolia. A inaweka ndani ya X pakiti ya mteja mmoja, B inaandika juu yake pakiti ya mteja mwingine, na keneli inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Inaweza kuanguka baadaye, X ikirudishwa mara ya pili na orodha kujizungusha yenyewe. Basi utatafuta kosa pale ilipoangukia, na kosa haliko pale. Au isianguke kabisa, na data za mtu zikatoka kwa mlango wa mtu mwingine. Kwa mtu anayeendesha mtandao unaopitisha malipo na vipimo vya hospitali, hilo la pili ni baya kuliko kuanguka.

FreeBSD ilipoanza kutumia prosesa nyingi, toleo 3.0 la mwaka 1998, ilijikinga kwa njia ya moja kwa moja: kufuli moja kwa keneli nzima. Prosesa moja ikiwa ndani, nyingine zinasubiri nje. Linux 2.0 ilifanya hivyo hivyo mwaka 1996. Kwa hiyo mmbfree ilibaki salama kwa sababu hapakuwa na mtu wa pili ndani ya nyumba. Programu za watumiaji zilifaidi prosesa zote. Mtandao haukufaidi chochote.

Alhamisi, 6 Juni

Juni 2000 wahandisi wa FreeBSD walikutana Sunnyvale, California, kwenye ofisi za Yahoo!, kupanga kazi waliyoiita SMPng: kuivunja kufuli kubwa na kuipa kila sehemu ya keneli kufuli yake. Walikuwa na bahati ya kuonyeshwa msimbo wa BSD/OS, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD, ambao tayari ulikuwa umeanza safari hiyo. Kazi ilichukua miaka, na mtandao ulikuwa sehemu ngumu kuliko nyingi.

Hatua ya kwanza kwa mbufu ndiyo ambayo mtu yeyote angeanza nayo: toa splimp, weka kufuli moja ya kulinda mmbfree. Salama? Ndiyo, salama kabisa. Mbio za A na B nilizoandika Jumanne zinakwisha hapo hapo.

Lakini turudi kwenye zile nanosekunde 67. Kufuli ni neno moja la kumbukumbu, na kumbukumbu husafiri kati ya prosesa kwa mistari ya baiti 64. Prosesa inayotaka kufunga lazima iuvute mstari huo kwenye kache yake na kuwanyima wengine. Inayofuata inauvuta tena. Safari moja ya namna hiyo inakula makumi ya nanosekunde, hata kama hakuna aliyekuta mlango umefungwa. Tena mmbfree nayo inasafiri. Hesabu za takwimu nazo zinasafiri. Mbufu yenyewe, iliyoguswa mwisho na prosesa nyingine, nayo inasafiri. Ukiongeza prosesa, kazi haiongezeki. Foleni ndiyo inayoongezeka.

Kwa hiyo jibu la "kuna kufuli" ni jibu la kweli lisilotatua kitu. Nimeandika pembeni ya daftari kile ninachotaka binti huyu akielewe kabla ya yote: kufuli hulinda kile ambacho watu wawili wanakigombania, na kazi ya mhandisi ni kuhakikisha kwanza kwamba hawakigombanii.

Jumamosi, 8 Juni

Leo sina zamu. Nimekaa na subr_mbuf.c asubuhi nzima, faili lililoingizwa FreeBSD mwaka 2001 na Bosko Milekic. Aliiita kazi hiyo mb_alloc. Limeshaondolewa kwenye keneli zamani, na watu wanapolitaja hulitaja kama daraja la kupitia tu. Mimi naona linastahili heshima zaidi, kwa sababu linaonyesha wazi sana pale ambapo wazo zuri linakwama.

Wazo: kila prosesa iwe na orodha yake ya mbufu, na juu yao pawe na orodha moja ya jumla. Prosesa inachota kwenye orodha yake. Ikiisha ndipo inakwenda kwenye ile ya jumla. Ni kama mama lishe mwenye ndoo yake ya maji jikoni: haendi bombani kwa kila kikombe. Kila orodha bado ina kufuli, lakini kufuli ya prosesa 0 hufungwa karibu kila mara na prosesa 0 yenyewe, kwa hiyo mstari wake wa kumbukumbu unakaa nyumbani. Hata takwimu ziligawanywa: kila prosesa inahesabu zake, na anayetaka jumla anazijumlisha wakati wa kusoma. Kwenye matoleo ya mwanzo ya FreeBSD 5 netstat -m ilionyesha mstari mmoja kwa kila prosesa, na mstari wa orodha ya jumla peke yake.

Kuchota, basi, kumetengenezeka. Tatizo liko kwenye kurudisha.

Mbufu za mb_alloc zimefungwa kwa mafungu. Ukurasa mmoja wa baiti 4096 unatoa mbufu 16, na hizo 16 ni fungu moja lenye mwenyewe: ama prosesa fulani, ama orodha ya jumla. Mbufu ikiachiliwa, inarudi kwenye fungu lake, popote fungu hilo lilipo. Fungu likiwa la prosesa 0 na anayeachilia ni prosesa 3, prosesa 3 inakwenda kufunga kufuli ya prosesa 0.

Na hivi ndivyo mtandao unavyofanya kazi siku zote. Katizo la kadi linaingia kwenye prosesa 0, hapo mbufu inachukuliwa na kujazwa. Programu inayosubiri data inaendeshwa kwenye prosesa 3. Ikishanakili data kwenda kwake, ni yenyewe inayoachilia mbufu. Mmoja anachukua tu, mwingine anarudisha tu. Uliyemjengea orodha yake ili asigombane na mtu anagombana na jirani kwa kila pakiti.

Kulikuwa na sababu njema ya kurudisha mbufu kwenye fungu lake. Fungu lililokamilika linaweza kuhamishwa zima zima kwenda orodha ya jumla prosesa moja ikizidiwa na akiba, na kumbukumbu haitawanyiki ovyo. Milekic alijali tabia ya mfumo kwa muda mrefu, si kasi ya dakika ile peke yake. Ila mpangilio uliokuwa mzuri kwa kumbukumbu uliumiza kufuli, na alijua. Ndani ya miaka mitatu alilibomoa jengo lake mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Jibu la tatizo la jana lilichapishwa mwaka huo huo wa 2001, kwenye mkutano wa USENIX mjini Boston, na Jeff Bonwick wa Sun na Jonathan Adams wa chuo cha Caltech. Bonwick ndiye aliyebuni ugawaji wa kumbukumbu kwa vipande vya ukubwa mmoja, ule wa Solaris, aliouandikia makala mwaka 1994. Mara hii waliuongezea tabaka la magazini, kama zile za bunduki: kila prosesa ina magazini iliyopakiwa, ina nyingine ya pembeni, na nyuma yao kuna ghala la magazini zilizojaa na zilizo tupu.

Hakuna anayeuliza kipande kilitoka wapi. Prosesa 3 ikirudisha kitu, inakiingiza kwenye magazini yake mwenyewe. Magazini ikijaa ndipo inakwenda ghalani, inaacha iliyojaa, inachukua tupu. Prosesa 0, ambayo inachukua tu, inaishiwa, inakwenda ghalani na tupu, inarudi na iliyojaa. Vitu bado vinahama kutoka prosesa 3 kwenda prosesa 0, ni lazima vihame, lakini vinahama kwa mafungu, na kufuli ya ghala inafungwa mara moja kwa magazini nzima.

Kwa nini mbili, isiwe moja? Hapa nimekaa nikichora kwa penseli. Chukua prosesa yenye magazini moja ya vipande 10, imejaa. Inarudisha kimoja: haina nafasi, inakwenda ghalani kubadilisha na tupu, inaingiza. Sasa inataka viwili: cha kwanza kipo, cha pili hakuna, inakwenda ghalani. Inarudisha viwili: tena ghalani. Mtu aliyekaa kwenye ukingo huo atakuwa anakwenda ghalani kila baada ya hatua mbili, na faida yote imepotea. Ukiwa na ya pembeni unabadilishana nayo kwanza, bila kumgusa mtu; kutoka safari moja ya ghalani hadi nyingine lazima upitishe angalau magazini nzima. Nimelijaribu kila upande kwa penseli na halivunjiki. Napenda sana ubunifu unaoweza kuuthibitisha mezani kabla hujawasha mashine.

Jumatano, 12 Juni

"Shikamoo dada." "Marahaba." Kisha moja kwa moja, kabla hata ya kuweka mkoba: "Nimeelewa kuchukua na kurudisha. Ila klasta moja inaweza kushikwa na mbufu mbili, sivyo? Nani anairudisha?"

Amesoma mbele yangu! Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ndiyo, inaweza. TCP inapotuma data haiwezi kuzitupa mpaka upande wa pili uthibitishe kuzipokea. Inabaki nazo kwenye akiba ya soketi, na inayokwenda kwenye kadi ni nakala. Kunakili baiti 2048 kila mara ni hasara, kwa hiyo mbufu mpya huelekezwa kwenye klasta ile ile, na hesabu ya wenye klasta inapanda kutoka 1 kwenda 2. Kila anayemaliza anapunguza moja. Wa mwisho anairudisha.

Nikamwambia aandike ubaoni kinachotokea wawili wakimaliza pamoja bila ulinzi. Aliandika mwenyewe: kadi imemaliza kutuma, prosesa 0 inasoma hesabu, 2. Uthibitisho umefika, prosesa 1 inasoma hesabu, 2. Kila moja inatoa moja, kila moja inaandika 1, kila moja inasema bado kuna mwingine. Klasta haina mwenyewe tena na haitarudi kamwe. Mfumo hauanguki. Unapungukiwa kidogo kidogo, wiki hata miezi, mpaka siku moja maombi yanaanza kukataliwa na hakuna anayejua kwa nini.

Dawa yake ni kupunguza kwa amri moja isiyogawanyika, ambayo prosesa inasoma na kuandika bila mwenzake kupenya katikati, na inakurudishia thamani iliyokuwapo. Ukipata 1, wewe ndiye wa mwisho. Wawili hawawezi kuipata wote.

Kisha nikamwonyesha mstari ninaoupenda kuliko yote kwenye msimbo unaoachilia klasta. Kabla ya amri hiyo ya gharama, msimbo unaangalia kwa kusoma tu: je, hesabu tayari ni 1? Ikiwa ni 1, unaruka amri hiyo na kuirudisha klasta moja kwa moja. Alishtuka. "Na kama mtu ataongeza baada ya kusoma?"

"Nani?"

Akanyamaza, akaangalia ubao. Ili uongeze hesabu lazima uwe tayari umeishika klasta, na hesabu ya 1 inasema aliyeishika ni mimi peke yangu, na mimi niko hapa naiachia. Hakuna mtu wa kuongeza. Alipolipata alicheka kwa furaha na kupiga meza. Mstari huo haulindwi na kufuli wala na amri maalumu. Unalindwa na ukweli kwamba kitu ni cha mmoja. Na kwa kuwa pakiti nyingi zinazopokelewa zina mwenyewe mmoja tu tangu kuingia hadi kuachiliwa, ukweli huo unaokoa gharama kwa sehemu kubwa ya kazi.

Jumamosi, 15 Juni

Mbuma, ndilo jina la kilichochukua nafasi ya mb_alloc. Mei 2004 Milekic aliiwasilisha kwenye mkutano wa BSDCan, Ottawa, na mb_alloc ikatolewa. Mbufu zikahamia UMA, mgawaji wa jumla ambao Jeff Roberson alikuwa ameuingiza FreeBSD mwaka 2002, uliojengwa kwa mawazo yale yale ya Bonwick. Kila prosesa ina ndoo mbili, ya kuchotea na ya kurudishia, na ndoo zilizojaa hukaa nyuma kwa wote.

Naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na sababu yangu si kasi. Kabla ya hapo mtandao ulikuwa na mgawaji wake, na sehemu nyingine za keneli zilikuwa na wake. Kosa likigunduliwa huku haliponywi kule. Mbuma iliweka mbufu mikononi mwa msimbo ambao keneli nzima inautegemea, kwa hiyo kila anayeuboresha anauboreshea na mtandao. Pia kumbukumbu iliweza kurudishwa kwa mfumo. Zamani, mbufu zikishaongezwa wakati wa shughuli nyingi zilibaki mbufu mpaka mashine izimwe.

Kitu kimoja kizuri walichokiongeza ni hazina ya pili juu ya ile ya mbufu, inayoitwa ya pakiti. Humo mbufu inakaa ikiwa tayari imeungwa na klasta yake. Draiva ya kadi karibu kila mara inataka vyote viwili, basi inapewa kwa mara moja, na ikirudishwa ikiwa bado imeungwa inarudi hivyo hivyo kwa anayefuata.

Mwaka 2005 ikaja hatua nyingine, ya Robert Watson: ndoo za prosesa hazihitaji hata kufuli. Kama ndoo inaguswa na prosesa yake tu, hatari iliyobaki ni uzi kunyang'anywa prosesa katikati ya kuchota, au kuhamishiwa nyingine huku umeshika ndoo ya ile ya kwanza. Basi uzi unasema usinitoe hapa kwa sasa, unachota, unaruhusu. Ni kuandika kwenye kumbukumbu yake mwenyewe tu, bila kumvuta jirani mstari.

Nikasimama kidogo nilipofika hapo. Splimp ya 4.2BSD ilimkinga aliye kwenye prosesa hii asikatizwe, basi. Zaidi ya miaka 20 baadaye kinachotumika tena ni ulinzi wa prosesa hii pekee. Tofauti ni kwamba sasa data imegawanywa kwanza, ndipo ulinzi wa mmoja ukatosha. Bila mgawanyo huo, ulinzi ule ule ungekuwa hatari ya wazi.

Na ile kufuli kubwa ya keneli nzima? FreeBSD 5.3, Novemba 2004, ndiyo ya kwanza ambayo mtandao wake ulifanya kazi kwa kawaida bila kufuli kubwa.

Jumanne, 18 Juni

Baada ya Idd ofisi bado iko nusu, kumetulia. Nimemaliza sehemu niliyokuwa naikwepa: kumbukumbu ikiisha.

Usalama si kwamba wawili wasipewe mbufu moja tu. Ni lazima ujue pia anayeomba akikosa afanye nini. Anayeomba ndani ya katizo hawezi kulala akisubiri. Akilala, huenda aliyekuwa arudishe mbufu hatapata nafasi ya kuzirudisha. Yeye anaambiwa hapana, hapo hapo. Draiva nzuri hujipanga kwa hilo: kabla ya kupeleka juu mbufu iliyojaa, kwanza inaomba ya kujaza nafasi yake kwenye foleni ya kadi. Ikikosa, inaitupa pakiti iliyofika na kuiacha mbufu ile ile kwenye foleni. Pakiti moja imepotea, TCP itaituma tena, lakini kadi haijaishiwa pa kuweka inayofuata. Draiva isiyofanya hivyo, ikikosa mara kadhaa, inabaki na foleni tupu na inakaa kimya moja kwa moja.

Anayeweza kusubiri ana hatari yake. Kwenye mb_alloc aliyekosa alianza kwa kuziomba itifaki ziachie zinachoweza kuachia, mfano vipande vya pakiti za IP vinavyosubiri wenzao, kisha akapitia orodha za prosesa nyingine moja moja, kisha akalala kwa muda maalumu. Ukiita hayo huku umeshika kufuli ya soketi, na itifaki unayoiomba inaitaka kufuli hiyo hiyo, mmekwama wote milele. Kwa hiyo sharti liliandikwa: usiombe kwa kusubiri ukiwa umeshika kufuli. Sharti la namna hiyo halionekani kwenye aina ya funksheni wala kwenye jina lake. Linaishi kichwani mwa anayeandika, na ndiyo maana FreeBSD ina zana iitwayo WITNESS, inayofuatilia mpangilio wa kufuli mashine ikiwa inaendeshwa na kupiga kelele ukivunjwa. Huwa tunaiwasha kwenye seva ya majaribio tu, ni nzito.

Halafu kuna akiba iliyokwama. Tuseme mashine ina prosesa 64, na kila moja ina ndoo mbili za klasta 128. Hizo ni klasta 16,384, mebibaiti 32, zilizo huru lakini kila fungu likiwa mikononi mwa prosesa moja. Prosesa 5 inaweza kunyimwa klasta huku nyingine zimejaza ndoo. Haiwezi kwenda kuchota kwa jirani, maana ndoo haina kufuli. Ingeturudisha kwa A, B na X. FreeBSD inalitatua kwa subira: uzi wa usafishaji unajifunga kwenye prosesa ya kwanza, unamwaga ndoo za hapo ukiwa hapo, unahamia ya pili, mpaka ya mwisho. Ni polepole. Lakini hata wakati wa shida hakuna anayegusa ndoo isiyo ya prosesa aliyopo, na hilo ndilo lililotuwezesha kuondoa kufuli.

Nilimweleza binti yote haya mchana, na mara hii hakuuliza "kwa kila pakiti". Aliuliza ukubwa wa ndoo unaamuliwa na nani, na kama tunaweza kuupunguza kwenye ile mashine ndogo ya kituo cha Bagamoyo yenye kumbukumbu kidogo. Sijampa jibu, nimempa kern_mbuf.c, nikamwambia aorodheshe kila mstari unaodhani kwamba mwenye mbufu ni mmoja, na aandike kwa kila mmoja nani anahakikisha hilo. Alhamisi tunakaa nayo.